Uliza Fundi: Jedwali Linapoishia

Mwezi uliopita nilieleza jinsi simuleta, ile mashine inayoiga ndege ikiwa ardhini, inavyomfunza rubani kutua upepo ukipiga ubavuni, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizofuata karibu zote zinauliza jambo lilelile: sawa, kutua inaiga, ndege ikishavuka mipaka yake, hapo simuleta inaiga nini? Nimezihudumia mashine hizi miaka 26, mingi ikiwa zamu ya usiku kwa kuwa mchana zina marubani, na swali hilo ndilo lililonizuia nisihamie kazi nyingine. Kwa hiyo leo ni hilo tu. Aliyeuliza kuhusu matairi anivumilie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 17 na ninarusha X-Plane, programu ya kuiga ndege, kwenye kompyuta ya nyumbani. Juzi niliipindua ndege ya abiria tumbo juu, nikapiga mbizi mpaka mshale wa kasi ukaupita mstari mwekundu mbali kabisa, kisha nikavuta usukani kwa nguvu zote. Ikanyooka, nikatua salama. Kaka yangu anasema ndege ya kweli ingesambaratika. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila tuanze na upande wako. Kupinduka peke yake hakuvunji ndege. Mwaka 1955 rubani wa majaribio wa Boeing, Tex Johnston, aliibingirisha ndege ya mfano ya Dash 80, ile iliyozaa 707, juu ya Ziwa Washington mbele ya umati wa watu, na ikarudi nzima. Ukibingirisha kwa utaratibu, mzigo juu ya mabawa ukabaki karibu na ule wa kila siku, bawa halijali kama ardhi iko chini au juu. Linachojali ni mzigo. Wewe ulivuta kwa nguvu zote ukiwa umeshapita mstari mwekundu, na hapo ndipo kesi yako ilipo.

Kesi yenyewe ina mashahidi wawili, hewa na chuma. Tumsikilize hewa kwanza.

Watu hudhani ndani ya simuleta kuna hewa ya kuigizwa. Katika zile kubwa za kufundishia marubani hamna hewa yoyote, kuna majedwali. Programu inauliza: bawa limekutana na upepo kwa pembe gani, kwa kasi gani, flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, zimeshuka kiasi gani? Kisha inasoma: basi nguvu ya kuinua ni hii, ya kuburuta ni hii, na pua inataka kushuka kiasi hiki. Inarudia hivyo makumi ya mara kila sekunde, na wewe kitini unaona ndege inaruka. X-Plane yako ina njia yake: inalikata bawa vipande vipande na kukokotoa kila kipande peke yake, ndiyo maana ndege uliyoibuni mwenyewe jana inaweza kuruka leo bila mtu kuipima. Lakini kila kipande nacho kinategemea data za umbo lile la bawa, na data hizo zina mwisho.

Mwisho uko wapi? Mwaka 1998 watengenezaji wa ndege na mashirika walitoa mwongozo wa pamoja wa kuwafundisha marubani kujinasua ndege inapolala au kuinua pua kupita kiasi. Mna mchoro humo ambao ningeubandika kwenye mlango wa kila simuleta. Katikati kuna eneo ambalo marubani wa majaribio walilirusha kweli na vyombo vikarekodi. Kulizunguka kuna eneo lililopatikana kwa handaki la upepo, yaani kupulizia upepo mfano wa ndege, na hesabu. Nje ya hapo kuna eneo ambalo mtu aliuchukua mstari wa grafu, akauweka rula, akaurefusha. Basi. Hakuna aliyewahi kwenda huko kupima.

Sasa sikiliza linaloniudhi miaka yote hii: ukitoka eneo la kwanza mpaka la tatu, hakuna kengele inayolia. Picha haififii. Mishale haitetemeki kwa kusitasita. Simuleta inakueleza jambo lililopimwa na jambo lililokisiwa kwa uso uleule mkavu, kama mtu anayekuelekeza njia ya mji ambao hajawahi kufika na hataki kukiri. Marubani wenye nywele za mvi wamewahi kutoka ndani wakaniambia, "Naam, sasa najua ndege hii ikifika nyuzi 30 inafanya nini." Mimi huwajibu kwa upole kwamba wanajua programu inafanya nini.

Sasa chuma. Ndege kubwa ya abiria husanifiwa kubeba mara 2.5 ya uzito wake bila kubaki na kasoro, kisha huongezewa akiba ya nusu tena juu ya mzigo huo. Januari 1995 Boeing waliyavuta mabawa ya 777 juu kwa nyaya ndani ya karakana hadi yakavunjika, na yalivunjika kwenye asilimia 154 ya ule mzigo wa mara 2.5. Mwaka 2006 bawa la A380 lilivunjika kabla kidogo ya kufika asilimia 150, wahandisi wakalazimika kuliongezea nguvu mahali. Kwa hiyo tunajua bawa linavunjika wapi likivutwa polepole, kwenye karakana, bila upepo. Simuleta nyingi hata hilo hazina. Vuta mara nne, vuta mara tano, bawa la programu haliwezi kupinda kwa sababu halikuwahi kuwa chuma. Katika X-Plane yako kuna mpangilio wa kuruhusu mabawa yang'oke kasi au mzigo ukizidi. Nina hakika ulikuwa umezimwa. Uwashe, umwite kaka yako, urudie.

Lakini usimkabidhi ushindi wote. Tarehe 19 Februari 1985 ndege ya China Airlines namba 006, Boeing 747SP, ilipoteza mwelekeo ikiwa futi 41,000 juu ya Pasifiki baada ya injini moja kuishiwa nguvu. Ilibiringika na kuanguka hadi futi 9,500, na marubani walipoivuta mzigo ulifika karibu mara tano ya kawaida. Sehemu za mabawa madogo ya mkiani zilinyofoka, mabawa makubwa yakabaki yamepinda kwa juu moja kwa moja, na bado ikatua San Francisco. Ungeniuliza kabla ya siku hiyo ningekwambia haiwezekani, na simuleta ambayo ningeiuliza mimi ingenijibu kwamba inawezekana bila hata mkwaruzo. Sote wawili tungekosea.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi, maana kilifanywa makusudi. Tarehe 21 Agosti 1961, juu ya Edwards huko California, ndege ya abiria ya DC-8 ilipandishwa kupita futi 50,000, ikapigishwa mbizi, ikaipita kasi ya sauti: Mach 1.012, yaani mara 1.012 ya kasi hiyo. Wakati wa kuinua pua ukafika, ndege ikakataa. Mzigo kwenye bawa dogo la mkia ulikuwa mkubwa hata mota ya kulizungusha ikashindwa. Rubani, William Magruder, akausukuma usukani mbele, yaani akaizidishia mbizi, ili mzigo upungue na mota ipate kuzunguka. Ikazunguka. Katika programu ya kawaida mota haichoki: unabonyeza, inazunguka, ndege inanyooka. Kama yako juzi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa urubani, natarajia kuanza simuleta ya ndege kubwa. Mwalimu mmoja anasema stoli usijifunze kwenye simuleta kwa sababu ni uongo mtupu. Mwingine anasema sasa ni lazima kisheria kuijifunza humo humo. Nimfuate nani?

JIBU: Inategemea kila mmoja alizoea simuleta ya mwaka gani. Kwa wasomaji wengine: stoli ni pale bawa linapoinuka mno mbele ya upepo, hewa ikashindwa kulifuata mgongoni, nguvu ya kuinua ikaporomoka. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa.

Simuleta niliyoanza nayo kazi ilistoli kama lifti ya ghorofani: ilitetemeka kidogo, ikainamisha pua kwa adabu, ikashuka wima imenyooka. Kila mara. Ungeweza kuweka kikombe cha chai. Ndege yenyewe haifanyi hivyo. Hewa haiyaachi mabawa mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo bawa moja linaanguka kwanza, na safari ijayo linaanguka la pili. Rubani akigeuza usukani kulizuia, inaweza kuwa mbaya zaidi. Tena ndege ikishastoli, kurudi si njia ileile ya kwendea: unapaswa kushusha pua chini ya pembe iliyoanzisha balaa, ndipo hewa ikubali kushika tena. Jedwali la namba moja kwa kila pembe haliwezi kubeba tabia hiyo.

Kosa la pili lilikuwa letu sisi wanadamu. Mafunzo yaliishia kwenye dalili za kwanza, usukani ukianza kutikiswa na mota yake, na rubani alipimwa kwa futi alizopoteza. Asipoteze nyingi! Kwa hiyo akajifunza kuongeza moto na kushikilia pua ilipo. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 ikielekea Buffalo, usukani ulitikisika na nahodha akauvuta. Mashine ya kuusukuma usukani mbele ili kuiokoa ndege ikafanya kazi yake, naye akashindana nayo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake ardhini. Miezi isiyotimia minne baadaye, usiku wa tarehe 1 Juni, Air France 447 ilipoteza vipimo vya kasi juu ya Atlantiki kwa barafu, ikavutwa pua juu, ikastoli karibu na futi 38,000 na kuanguka kwa takriban dakika tatu na nusu. Abiria na wahudumu 228.

Katika kisa hicho cha pili kuna jambo dogo ambalo mafundi wa simuleta hatulisahau. Kipimo cha kasi kiliposhuka chini ya noti 60, yaani kama kilomita 110 kwa saa, kompyuta ya ndege iliona data hizo haziaminiki, ikanyamazisha tahadhari ya stoli. Marubani waliposhusha pua kidogo, kasi ikaonekana tena na tahadhari ikalia. Yaani ukifanya vizuri unapigiwa kelele, ukifanya vibaya unapewa kimya. Wachunguzi wa Ufaransa katika mapendekezo yao waligusa pia simuleta: ziige vizuri zaidi hali zisizo za kawaida.

Ndipo sheria ikafuata. Kanuni ya Marekani iliyotoka Novemba 2013 iliyapa mashirika muda hadi Machi 2019 kuwafundisha marubani stoli kamili, na simuleta ya kazi hiyo inatakiwa iwe na modeli halali hadi nyuzi 10 kupita pembe ya stoli. Modeli hiyo si lazima ipimwe kwenye ndege ileile. Inaruhusiwa iwe ya jamii ya ndege hiyo, kisha rubani aliyewahi kuistoli kweli akae ndani aseme kama ndivyo.

Nilikuwapo usiku tulipoweka modeli mpya ya kwanza. Rubani wa majaribio, mtu mkimya, alivuta pua taratibu. Mtikisiko ukaja, tena mzito, viwiko vinagonga kiti. Halafu bawa la kushoto likaporomoka kabla ya mtu kusema neno. Akanasua, akapanda, akarudia. Safari hii la kulia. Akarudia mara ya tatu, kidogo, halafu kushoto tena kwa nguvu. Akageuka akaniambia, "Huyu namfahamu." Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo juu ya programu.

Kwa hiyo jifunze humo, ukihakikisha kwanza simuleta yako imeidhinishwa kwa stoli kamili. Muulize mwalimu, cheti kipo. Na ujue mpaka ulipo. Pembe ya 447 ilipita nyuzi 40. Nyuzi 10 baada ya stoli hazifiki huko hata kwa mbali. Unachofundishwa ni kutoka mlangoni. Chumba chenyewe hakijapakwa rangi.

SWALI: Nafundisha fizikia. Kama simuleta imesimama kwa miguu yake sita ndani ya jengo, inawezaje kumpa rubani mzigo wa mara mbili au tatu ya uzito wake? Au wanaigiza tu?

JIBU: Haiwezi, mwalimu mwenzangu, na hesabu yake unaijua. Miguu ile hurefuka kama mita moja na nusu. Ukitaka kumsukuma mtu juu kwa kasi inayoongezeka, kwa mzigo mara mbili, mita hiyo na nusu inaisha ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo tunampa mshtuko wa mwanzo tu, kisha jukwaa linarudi katikati polepole kiasi kwamba sikio la ndani halihisi. Kuongeza kasi kwa muda mrefu tunaiba kwa kuinamisha chumba kizima nyuma: uzito wake mwenyewe unamkandamiza mgongo kwenye kiti, macho yanaona upeo umenyooka, ubongo unasadiki ndege inakimbia. Ni wizi mzuri na unafanya kazi vizuri sana ndege ikiwa katika safari ya kawaida.

Kwenye kujinasua unafeli, na unafelia mahali pabaya. Rubani anayevuta kutoka mbizini anapaswa kuhisi mashavu yakishuka na mkono ukiwa mzito; hivyo ndivyo mwili unavyomwambia "umevuta vya kutosha." Ndani ya simuleta mkono mwepesi, mashavu mahali pake, anavuta zaidi. Ndiyo sababu siku hizi kwenye meza ya mwalimu kuna skrini inayoonyesha mzigo na pembe kwa rangi, ili mwalimu amwambie baadaye, "Pale bwana, bawa ulilibakisha hapo nyuma." Huko Soesterberg, Uholanzi, kuna mashine iitwayo Desdemona inayomzungusha mtu kwa mkono mrefu na kumpa hadi mara tatu ya uzito wake, na ilitumika katika utafiti wa Ulaya wa kujinasua. Lakini mizunguko nayo ina udanganyifu wake kichwani, na huwezi kuijenga kwenye kila chuo.

SWALI: Mimi si rubani, ni abiria tena mwoga. Je, simuleta mbovu inaweza kumfundisha rubani kitu kibaya?

JIBU: Inaweza, mama, na imeshatokea. Sikufichi kwa sababu umeuliza wazi.

Tarehe 12 Novemba 2001, ndege ya American Airlines namba 587, Airbus A300, iliondoka New York nyuma ya jumbo ikapita kwenye msukosuko wa hewa ulioachwa nayo. Rubani msaidizi akakanyaga pedali za usukani wa mkiani, kulia, kushoto, kulia, kwa nguvu, kila moja ikigeuza ile iliyotangulia. Pezi la mkia likang'oka. Watu 265 walikufa, watano kati yao wakiwa ardhini. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilisema mikanyagio hiyo ilikuwa ya kupita kiasi na haikuhitajika, ikataja pia jinsi mfumo wa pedali wa ndege ile ulivyo mwepesi, na ikataja mafunzo. Katika zoezi la simuleta la mafunzo hayo, msukosuko wa ndege iliyotangulia uliigwa kwa kuilaza ndege vibaya sana, na kwa muda mfupi programu iliuzima uwezo wa rubani wa kuizuia, ili zoezi lipate kufika pale mwalimu alipotaka.

Fikiria rubani anajifunza nini hapo. Anajifunza kwamba msukosuko unaweza kuipindua ndege kubwa. Anajifunza kwamba usukani wa kawaida hautoshi. Na mkia? Mkia wa simuleta haujawahi kung'oka. Aliyetunga zoezi alikuwa na nia njema kabisa. Alitaka hali ya kutisha, jedwali halikumpa, akaisaidia kwa mkono. Kila nikiombwa na mwalimu "nisaidie iwe ngumu zaidi" huwa namkumbuka.

Kisa cha pili ni cha karibuni. Boeing 737 ina gurudumu la trimu kando ya goti la rubani, la kuzungusha kwa mkono bawa dogo la mkia mota ikizimwa. Tarehe 10 Machi 2019, Ethiopian 302 ilikuwa na pua inayosukumwa chini na mfumo wa kompyuta, kasi ikapita ukomo wake wa noti 340. Marubani walizima mota, wakajaribu gurudumu, likawa halizunguki. Upepo wa kasi ile ulikuwa umelibana bawa la mkia. Watu 157. Mei mwaka huohuo Boeing walitangaza kwamba wamerekebisha programu ya simuleta za 737 MAX, aina ya ndege ileile, maana hazikuiga sawasawa hali fulani za kuruka, na uzito wa gurudumu hilo ulikuwa miongoni mwa mambo hayo. Ona mambo yanavyofanana na ile DC-8 ya 1961: bawa dogo la mkia, kasi kubwa, mzigo unaoshinda nguvu iliyopo. Lilijulikana miaka hamsini na nane. Katika programu lilikuwa namba moja tu iliyowekwa ndogo.

Ukiwa kitini, mama, jua hili: ndege yako karibu saa zote inaruka katikati ya ule mchoro nilioueleza juu, eneo lililopimwa na kupimwa tena. Huko simuleta ni sahihi kiasi kwamba rubani anaweza kubadili aina ya ndege kwa simuleta peke yake, na safari yake ya kwanza kwenye ndege hiyo akawa na abiria nyuma. Pengine ulishapanda naye.

SWALI: Kama mambo ndiyo hayo, wachunguzi wa ajali hutumiaje simuleta? Si wanajipigia ramli?

JIBU: Hapana, kwa sababu wao wana kisanduku cheusi. Badala ya kuuliza jedwali "ndege itafanya nini", wanachukua ilichofanya na kulisahihisha jedwali mpaka likubali. Mfano bora ni United 232, DC-10 iliyopoteza haidroliki zote, yaani mifumo ya mafuta yenye shinikizo inayosogeza sehemu za kuiongoza ndege, tarehe 19 Julai 1989 injini ya mkiani ilipopasuka. Marubani waliielekeza kwa moto wa injini mbili tu hadi Sioux City. 184 kati ya 296 waliokuwamo waliokoka. Baadaye simuleta ilipangwa kwa data za ndege ile, marubani wakaalikwa kujaribu. Hitimisho la wachunguzi: kutua salama katika hali ile hakuwezi kufundishwa, vigeugeu ni vingi mno. Hiyo ni simuleta iliyotumiwa kwa heshima. Iliulizwa, ikajibu kwamba haina somo la kutoa, na watu wakaliandika jibu hilo.

Kabla ya ajali, bila kisanduku, njia ni kupima zaidi. NASA huko Langley walitengeneza ndege ya mfano wa ndege ya abiria, asilimia 5.5 ya ukubwa wake, yenye injini ndogo za jeti, wakairusha kwa mbali na kuistolisha makusudi. Shida ni kwamba ndege utaipunguza ukubwa, hewa huipunguzi. Juu ya kibawa kidogo hewa hunata na kuachia tofauti na juu ya bawa la mita 30, kwa hiyo namba zinazotoka humo zinahitaji kutafsiriwa, na kutafsiri ni kazi ya watu wanaobishana.

MAFUPI MAFUPI

Aliyeuliza kwa nini skrini huwa nyekundu na kila kitu kuganda: programu imeona umegonga ardhi au umevuka kikomo ilichowekewa. Mwalimu anabonyeza, unarudi futi 10,000. Marubani wengine wanapenda kubonyezewa kabla hawajafika huko. Mimi nasema waachwe waone.

Aliyeuliza kama simuleta inaweza kuruka kinyumenyume: swali zuri kuliko unavyodhani. Fomula nyingi zinagawa kwa kasi ya ndege, na kasi ikikaribia sifuri jibu linakimbilia kusikohesabika, kwa hiyo mtunga programu anaweka kizuizi: kasi isishuke chini ya hapa, hata kama imeshuka. Usiku mmoja, kazi imeisha mapema, niliiinua ndege pua ikaelekea mbinguni nikaacha. Ikapanda, ikachoka, ikasimama. Ya kweli ingeteleza na mkia mbele, igeuke kwa namna ambayo hakuna mwenye hamu ya kuijua. Yetu ilining'inia futi 31,000 imesimama wima kwa mkia, injini zinanguruma, mshale wa kasi umeganda kwenye ile namba ya kizuizi, taa zote za kijani. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi bado ilikuwa palepale.